Kinanda kinapojipiga chenyewe, mtoto wako anamfuata nani?

Holili. Katika kwaya nyingi za Rombo na Moshi siku hizi, anayekaa mbele ya kinanda si mzee mwenye miwani bali ni kijana wa darasa la sita au kidato cha pili. Wazazi wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Mtoto aliyekuwa akishinda na simu sasa anashinda na nota, na Jumapili baba na mama wanakaa benchi la mbele wamenyoosha shingo.

Lakini ukisikiliza vizuri, kijana huyo hapigi peke yake. Kabla wimbo haujaanza anabonyeza kitufe, na ndani ya kinanda inaanza kupiga ngoma. Besi inaingia, gitaa linaingia, wakati mwingine hata zeze. Yeye anashika sauti chache kwa mkono wa kushoto, anapiga melodia kwa mkono wa kulia, na mashine inamalizia kazi ya watu watano. Waimbaji wanaita biti. Kuanzia Holili mpakani hadi Himo, Marangu na Moshi mjini, ni shida kupata harusi isiyo na biti.

Kwa mzazi, jambo hili lina maswali mawili ambayo hayaulizwi sana. La kwanza ni kama mtoto anayejifunza kwa kufuata mashine anajifunza muziki kweli, au anajifunza kukimbizana. La pili ni kuhusu masikio yake, maana biti haipigwi kwa sauti ya chini.

Swali la kwanza ni la zamani kuliko kinanda cha umeme. Watu walikwisha kuhangaika nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Piano iliyomkumbuka mpigaji

Mwaka 1904, kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilitoa mashine iliyoitwa Welte-Mignon. Waliobuni ni Edwin Welte na shemeji yake Karl Bockisch. Tayari zilikuwapo piano zilizojipiga kwa gombo la karatasi lenye matundu. Karatasi ilipita juu ya kipande cha shaba chenye vijitundu, tundu la karatasi likikutana na kijitundu hewa ikapita, na hewa hiyo ikavuta kidude kilichogonga kibonyezo cha piano. Tatizo ni kwamba piano hizo zilipiga kila sauti kwa nguvu ileile, kama mtoto anayesoma shairi bila kupumua.

Welte walipata njia ya kuandika kwenye karatasi si sauti tu bali pia nguvu ya mkono na matumizi ya pedali. Mpigaji alikaa kwenye piano ya studio, akapiga wimbo wake, na gombo likatoka. Gombo hilo likiwekwa kwenye piano nyingine yenye mashine hiyo, vibonyezo vilishuka vyenyewe na nyumba nzima ikamsikia mpigaji asiyekuwapo. Gustav Mahler, mtunzi mkubwa wa Austria, alirekodi magombo manne mjini Leipzig Novemba 1905. Alifariki mwaka 1911, na hakuna rekodi nyingine ya vidole vyake. Kampuni za Marekani zilifuata na mashine zao, Duo-Art na Ampico, na Sergei Rachmaninoff alirekodi kwa Ampico.

Jina la Leipzig si geni Kilimanjaro. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huo, na kupitia misheni hizo mlima ukapata nyimbo za sauti nne na bendi za matarumbeta ambazo hadi leo zinasindikiza harusi na misiba. Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wa kwaya Leipzig kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mji huo utatajwa tena hapa chini, kwa sababu nyingine kabisa.

Miaka hiyohiyo ya piano za magombo, majumba ya sinema ya Marekani na Uingereza yalikuwa na kinanda chake maalumu. Filamu hazikuwa na sauti, kwa hiyo mtu mmoja alitakiwa apige badala ya bendi nzima. Mwingereza Robert Hope-Jones alijiunga na kampuni ya Wurlitzer mwaka 1910, na kampuni hiyo ikatengeneza zaidi ya vinanda 2,000 vya aina hiyo. Vilikuwa vinanda vya mabomba kama vya makanisa makubwa, lakini ndani yake mlikuwa pia na ngoma, kengele, filimbi na mlio wa honi ya gari. Vingine viliunganishwa na piano halisi iliyopigwa kutoka kwenye meza ileile ya mpigaji. Mwaka 1927 filamu zilipoanza kuongea, wapigaji wengi walikosa kazi. Wachache walidumu. Reginald Dixon alipiga Wurlitzer ya ukumbi wa dansi wa Blackpool, Uingereza, kuanzia 1930 hadi 1970.

Wapenzi wa vyombo hivi viwili huviweka pamoja. Gombo la zamani linazungushwa kwenye piano, piano inajipiga, na mtu mzima yuko kwenye kinanda cha sinema akipiga sambamba nayo. Kwa kusikiliza ni raha, lakini kupiga ni kazi ngumu, na ugumu wake ndio uleule anaoupata kijana wa Holili mbele ya kitufe cha biti.

Mashine haisubiri

Piano ya gombo haina masikio. Aliyerekodi alipunguza mwendo mahali fulani kwa sababu moyo wake ulimtuma hivyo siku ile, na miaka 100 baadaye piano itapunguza palepale, utake usitake. Mpigaji wa kinanda lazima alijue gombo kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani gizani. Akichelewa hasubiriwi. Akiwahi, hakuna wa kumpungia mkono.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1976. George Gershwin, Mmarekani aliyetunga Rhapsody in Blue, alikuwa amefariki tangu 1937, lakini aliacha gombo la Duo-Art la mwaka 1925 alilopiga wimbo huo, piano na sehemu za okestra pamoja. Kiongozi wa muziki Michael Tilson Thomas alitaka bendi hai ipige na Gershwin mwenyewe. Matundu ya sehemu za okestra yakazibwa ili ibaki piano tu, bendi ikaketi, gombo likazunguka. Gershwin alikuwa akipiga mbio. Wanamuziki wazoefu, watu wazima, walilazimika kumkimbilia mtu aliyekufa karibu miaka 40 kabla.

Kuna kikwazo kingine ambacho kila fundi mitambo wa kanisa anakijua hata kama hajawahi kukipa jina. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mabomba ya kinanda yakiwa mita 17 kutoka kwa mpigaji, sauti inamfikia baada ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Inaonekana kitu kidogo, lakini kwenye muziki wa mwendo wa haraka vidole na masikio vinagombana. Mpigaji wa kinanda cha mabomba hujifunza kupiga mbele kidogo ya anachosikia.

Sasa mchukue mtoto aliyewekewa kinanda sebuleni, baba akakiunganisha na spika ya Bluetooth ili sauti iwe nzito. Spika hizo nyingi huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, nyingine mara mbili ya hapo. Ni sawa na kukaa mita 34 au hata 68 kutoka kwenye mabomba. Mtoto anabonyeza, anasubiri, anasikia. Baada ya wiki mbili mama anaanza kusema mtoto hana kipaji, anachelewachelewa. Kabla ya kusema hivyo, chomoa Bluetooth, weka waya, au atumie spika ya kinanda chenyewe. Kwa kusikiliza nyimbo Bluetooth haina shida yoyote. Kwa kupigia, haifai.

Mtoto hufuata mtu zaidi ya ngoma

Turudi Leipzig. Mwaka 2009, watafiti Sebastian Kirschner na Michael Tomasello wa taasisi ya Max Planck ya mjini humo walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu. Kila mtoto alipewa ngoma apige pamoja na mdundo. Mara moja mdundo ulipigwa na mtu aliyekaa naye. Mara nyingine ulipigwa na mashine yenye fimbo inayogonga ngoma, ambayo mtoto aliiona. Mara ya tatu ilikuwa sauti tu kutoka kwenye spika.

Watoto walikwenda sawa zaidi na mdundo walipopiga na mtu. Hata wale wadogo kabisa waliweza kurekebisha mwendo wao kumfuata mwenzao. Watafiti hao waliendelea, na mwaka uliofuata wakaonesha kwamba watoto wa miaka minne waliocheza muziki pamoja walisaidiana na kushirikiana zaidi baadaye kuliko wale waliocheza mchezo wa kawaida bila muziki.

Tusiupe utafiti huo uzito usio wake. Ulihusu ngoma, si kinanda, na watoto wadogo kuliko wapigaji wa kwaya. Lakini mlezi yeyote wa chekechea hatashangaa kusikia matokeo yake. Mtoto hupata mdundo kwa kuangalia bega la mwenzake, pumzi yake, mkono unaonyanyuka. Kitufe hakina bega.

Hii haina maana kwamba biti ni adui. Mashine ina faida moja kubwa ambayo mwalimu mpole hana: haidanganyi. Karibu kila anayejifunza hukimbia mahali rahisi na kusuasua mahali pagumu, na akiwa peke yake haoni. Akiwasha mdundo kwa mwendo wa taratibu, anajiona. Vinanda vyote vyenye biti vina sehemu ya kupunguza mwendo, na cha kusikitisha ni kwamba hapo ndipo watoto hawagusi. Wanapenda biti ileile ya Jumapili, kwa kasi ileile, kuanzia siku ya kwanza.

Wenzetu wa pwani waliyaona haya mapema. Miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipoingia na vinanda vya umeme na ngoma za mashine, kazi iliyokuwa ya watu wengi wenye fidla, ganuni, udi na dumbaki ikaweza kufanywa na wachache. Muziki ulipata wapenzi wapya, na mjadala wa kilichopotea haujaisha mpaka leo. Kwaya za bara zinapita njia hiyohiyo, ila mjadala wenyewe hauna sauti. Kwenye kamati ya kwaya hoja inayoshinda mara nyingi ni kwamba kinanda kimoja chenye biti hakidai nauli.

Njia nzuri ya kujua mtoto amefika wapi haina gharama. Umeme unapokatika katikati ya mazoezi na waimbaji wakaendelea kwa kayamba na makofi, mtazame mpiga kinanda. Akiimba na kupiga makofi sawasawa na wenzake, mdundo umeshaingia mwilini. Akibaki ameduwaa, mdundo ulikuwa wa mashine. Hana kosa. Anahitaji tu mazoezi mengi zaidi ya kupiga bila kitufe, mwalimu au kaka yake akimpigia makofi, na baadaye watoto wawili kwenye kinanda kimoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba au minane, ngoma, kuimba na kucheza na watu vinatosha. Biti itamsubiri.

Masikio hayaoti tena

Ndani ya kila sikio kuna seli kama 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana zinazogeuza sauti kuwa taarifa ya ubongo. Zikiharibiwa na kelele hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kwa hiari yao.

Shirika hilo linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Kila desibeli tatu zinazoongezeka, muda unapungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, sauti ikifika desibeli 84, mtoto ana saa tano tu kwa wiki nzima. Ikifika 87, ana saa mbili na nusu.

Hebu mzazi apige hesabu ya wiki ya mpiga kinanda. Mazoezi mara mbili au tatu, ibada Jumapili, na msimu wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani, harusi na ubarikio juu yake. Paa ni la bati, sakafu ni ya vigae, na sauti inagonga huku na huko. Spika mara nyingi imewekwa nyuma ya mpigaji, urefu wa mkono kutoka kichwani kwake, kwa sababu waya ni mfupi. Waimbaji wanalalamika hawasikii, fundi anaongeza. Kwenye benchi la mwisho sauti ni nzuri. Kwa mtoto aliyekaa mbele ya spika ni jambo jingine.

Kusogeza spika ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Umbali kati ya sikio na spika ukiongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka mita moja hadi mbili, sauti ya moja kwa moja hupungua kwa desibeli kama sita, ambayo ni sawa na kumpa mtoto muda mara nne zaidi. Ndani ya jengo lenye mwangwi faida hupungua kidogo, lakini ipo. Spika ielekezwe kwa waumini, isielekee kichwa cha mpigaji. Zipo programu za simu za kupima desibeli. Hazina usahihi wa kifaa cha hospitali, ila zikionesha 90 pale mtoto anapokaa, mzazi ana hoja ya kumpelekea mwalimu wa kwaya kwa heshima, na mwalimu mwenye busara ataielewa.

Nyumbani, hedifoni ni neema kwa majirani na mtihani kwa mtoto. Ushauri wa kawaida ni kutopita asilimia 60 ya sauti ya kifaa. Kipimo kingine ni kumwita mtoto kwa sauti ya kawaida ukiwa umesimama umbali wa mkono. Asipokusikia kabisa, apunguze. Biti ya kinanda ina ngoma na besi nzito zinazomfanya mtoto aongeze sauti bila kujua, hivyo hata kuzima biti na kubaki na sauti ya piano peke yake ni kuyapumzisha masikio.

Mikono nayo isisahaulike. Kinanda kikiwekwa juu ya meza ya kulia chakula na mtoto akakalia kiti cha plastiki, mabega yanapanda hadi masikioni na vifundo vya mikono vinakunjwa. Mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja unatakiwa uwe karibu sambamba na sakafu. Mto mgumu au daftari kubwa chini ya makalio vinaweza kutosha. Mtoto wa miaka minane au tisa apige dakika 15 au 20, apumzike, arudi. Maumivu ya mkono au kidole si ishara ya bidii, ni ishara ya kuacha kwa siku hiyo.

Dalili za kuangalia masikioni ni hizi: mtoto anasema kuna mlio kama wa nyenje baada ya ibada au harusi, anasikia kama masikio yamezibwa, anaongeza sauti ya televisheni, anauliza "nini?" mara kwa mara, au mwalimu wa darasani anasema hasikilizi. Mlio unaotoweka baada ya saa chache ni onyo. Mlio unaopita siku moja, au usikivu unaoshuka ghafla, usisubiri hadi likizo. Usimwagie mafuta ya moto wala kuchokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu akaangaliwe kwanza kama ni nta au maambukizi, vitu vinavyotibika, na ikibidi apewe rufaa kwenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo wa hospitali ya KCMC mjini Moshi. Ukienda, mweleze daktari kuwa mtoto ni mpiga kinanda, anapiga mara ngapi kwa wiki, na spika imekaa wapi.